Gari imefeli kipimo cha moshi: masega yamezeeka, au kuna kitu kinayaua?

Gari nyingi za petroli tunazoendesha huku kwetu zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa, na chini yake zina masega yale yale ya kiwandani, yaani kataliti konveta, lile kopo kwenye bomba linalosafisha moshi kabla haujatoka, ambayo leo yana miaka 15 mpaka 20. Zamani hakuna aliyeyawaza, lakini mambo yanabadilika, Rwanda mwaka 2025 wameanza kupima moshi wa magari kwa lazima, na ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani hili wanaishi nalo kila wakipeleka gari ukaguzi. Na kila gari ikifeli jibu la fundi ni moja tu, masega yamekufa, toa tuweke mengine, au mbaya zaidi, toa tuchome bomba tupu. Mimi nasema hivi: mara nyingi masega hayafi yenyewe kwa uzee, kuna kitu mbele yake kwenye injini kinayaua polepole, na usipokitafuta hicho kitu utanunua masega mapya na yenyewe yatakufa vile vile.

Kwanza tukubaliane namba, maana bila namba tutabishana tu. Uingereza gari ya petroli ya kuanzia kama 2002 ikipimwa kwenye raundi 2,500 hadi 3,000 inatakiwa CO (kaboni monoksaidi, gesi ya sumu) isizidi asilimia 0.2, HC (haidrokaboni, yaani petroli ambayo haijaungua) isizidi ppm 200, yaani sehemu 200 kwa milioni, na lambda (uwiano wa hewa na petroli, 1.00 ni sawa, chini yake petroli imezidi, juu yake hewa imezidi) iwe kati ya 0.97 na 1.03, halafu ikirudi silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, CO isizidi 0.3. Japani kwenye ukaguzi wao wa shaken gari ndogo ya kawaida inapimwa ikiwa silensa, CO isizidi asilimia 1 na HC isizidi ppm 300. Umeona tofauti? Kwa hiyo mtu asikuambie gari imetoka Japani na cheti basi masega ni mazima, gari inaweza kupita kule vizuri kabisa na ikafeli kwa kipimo cha Ulaya kwa mbali, na hakuna aliyedanganya.

Masega mazima, injini nzima, vyote vikiwa vya moto, mashine inasoma CO 0.01 au 0.02, HC chini ya 30, CO2 (kaboni dioksaidi) kwenye 14.5 mpaka 15, na O2 (oksijeni) chini ya 0.3. Hizo shika kichwani, ndio utalinganisha nazo kila kitu huko chini.

Kitu gani hasa kinazeeka humo ndani

Ndani ya lile kopo kuna tofali la seramiki lenye vitundu vidogo vidogo, kwa kawaida mamia kwa kila inchi ya mraba, na kila kitundu kimepakwa tabaka la alumina lenye chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Chembe hizo ni ndogo mno na ndio siri yenyewe, zikiwa ndogo na zimetawanyika zinagusana na moshi mwingi. Sasa moto ukizidi, tuseme ukapanda juu ya nyuzi 800 au 900 mara kwa mara, zile chembe zinaanza kusogea na kuungana zinakuwa mabonge, na alumina yenyewe inajifunga. Madini yako pale pale, ukipima uzito hujapoteza kitu, ila sehemu ya kufanyia kazi imepungua, na hiyo hairudi tena, hakuna dawa ya kuoshea wala ya kumimina kwenye tenki inayoweza kuyatawanya upya.

Matokeo yake unayaona kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchelewa kuamka. Masega mapya yanaanza kufanya kazi yakifika nyuzi 250 au 300 hivi, yaliyochoka yanataka joto zaidi ya hapo, kwa hiyo asubuhi yanachelewa, na kwenye foleni ndefu gari ikiwa silensa yanaweza hata kulala tena. Ya pili ni kuhifadhi oksijeni. Ndani kuna seriamu oksaidi ambayo inakamata oksijeni mchanganyiko ukiwa mwepesi wa petroli na kuiachia ukiwa mzito, na uzee unaumaliza huo uwezo mapema kuliko watu wanavyodhani. Kodi P0420, yaani namba ya hitilafu ya masega inayotolewa na kompyuta ya gari, ndio inaangalia hapo, haipimi moshi.

Ukiacha moto kuna sumu. Fosforasi na zinki zinatoka kwenye oili inayoungua, silikoni inatoka kwenye gundi za gasketi na kwenye kulanti (maji ya rejeta) inayovuja ndani ya silinda, salfa inatoka kwenye petroli, na zamani risasi ilikuwa inaua masega kwa tenki chache tu. Petroli yenye risasi kwa sehemu kubwa ya Afrika iliondoka kufikia mwanzo wa 2006 kwa hiyo hiyo tuiache. Salfa masega yakipata moto wa kutosha yanaitoa kiasi, fosforasi na silikoni zikishakaa zimekaa. Sumu huanza kula mbele, upande wa injini, wakati moto mara nyingi unachosha tofali zima.

Kabla hujaamini karatasi ya majibu

Gari iliyokaa kwenye foleni ya ukaguzi dakika ishirini inaunguruma tu, masega yake yamepoa. Kama ni mapya utapita, kama yana miaka 15 unaweza kufeli hapo hapo, halafu ukaendesha kidogo ukarudi ukapita. Nenda kituoni gari ikiwa imetoka kutembea angalau robo saa barabara ya wazi, sio foleni ya mjini, oili iwe imefika nyuzi 80 hivi, na ukifika mwombe mpimaji akuruhusu uishike raundi 2,500 kwa dakika mbili tatu kabla ya kupima. Hakuna ujanja hapo, kipimo chenyewe kinataka gari iwe ya moto.

Ikipita ikiwa ya moto na kufeli ikipoa kidogo, hiyo tayari ni dalili, masega yanazeeka. Hayajafa.

CO ipo juu, lambda iko chini ya 0.97

Hapa usiguse masega kwanza. Injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa, na masega hata yakiwa mapya hayawezi kumalizia CO kama hakuna oksijeni ya kutosha. Tafuta nani anaongeza petroli: oksijeni sensa ya mbele (ile iliyo kabla ya masega) iliyochoka, sensa ya hewa iliyojaa uchafu, nozo (kinachonyunyizia petroli) inayodondosha, presha ya petroli iliyozidi, sensa ya joto la maji inayodanganya.

Na hapa kwetu kuna mchawi mwingine ambaye hamtajwi kabisa, themostati. Fundi gani hajawahi kukuambia toa themostati gari isichemshe? Gari bila themostati inatembea na maji ya nyuzi 60 au 65 badala ya 85 au 90, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaamini injini bado ya baridi na inaendelea kuongeza petroli, masega yanapitishiwa moshi mzito kila siku na ule moto wake wa kawaida hayaupati vizuri. Nimeona gari zinazohukumiwa masega wakati ugonjwa ni themostati ambayo haipo. Kama gari yako geji ya joto haifiki katikati, au inafika na kushuka ukiendesha kwa kasi, rudisha themostati ya nyuzi sahihi, safisha rejeta iliyokuwa sababu ya kuitoa, endesha wiki, kapime upya.

Harufu ya yai bovu nyuma ya gari nayo mara nyingi inatokea hapa, salfa kwenye petroli ikikutana na mchanganyiko mzito. Rekebisha mchanganyiko, harufu inaisha yenyewe.

HC ipo juu, CO ya kawaida, O2 imepanda

Gari inamisi. Petroli inaingia silinda haiungui, inatoka mbichi na hewa yake. Wakati mwingine huwezi hata kuisikia ukiwa ndani ya gari, mashine ya moshi ndio inaisikia. Angalia plagi, koili, waya kama gari ni ya zamani, nozo iliyoziba, na kama vyote vizima pima kompresheni maana valvu inaweza kuwa haifungi vizuri. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo inaleta hii hii.

Hii naisisitiza kuliko zote. Ile petroli mbichi ikifika kwenye masega ya moto inaungulia humo humo, joto linaruka mamia ya nyuzi juu, na ikipita 1,400 tofali lenyewe linaanza kuyeyuka. Ndio maana taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzima, inapepesa, sio kuwaka tu moja kwa moja, kontrol boksi inakuambia masega yanaungua sasa hivi. Punguza mwendo, usikanyage, tafuta fundi siku hiyo hiyo. Masega yaliyotakiwa kuishi miaka mitano zaidi yanaweza kuisha kwa safari moja ya Dar mpaka Morogoro na koili mbovu, na watu wengi wanabadilisha koili wanashukuru Mungu gari imetulia, halafu miezi miwili baadaye P0420 inakuja wanasema masega ni ya zamani. Sio uzee huo, ni ile safari.

CO na HC zote zimepanda kidogo, lambda iko 1.00, O2 imebaki

Hii sasa ndio sura ya masega yaliyozeeka. Mchanganyiko uko sawa, kila kitu kinachohitajika kwa kazi kipo, CO ipo na oksijeni ipo, ila havijakutanishwa. Mfano CO 0.35, HC 140, CO2 14.2, O2 0.5, lambda 1.00. Ukiona hivyo na gari ni ya moto, na hakuna misi, na bomba halivuji, masega yamechoka kweli, hapo sibishi na fundi.

Lakini jiulize bado yamechokaje. Kilomita zikiwa 200,000 na zaidi na injini haijawahi kula oili, huo ni uzee wa halali, kwa mfano Ulaya viwanda kwa gari za Euro 5 na 6 (viwango vya moshi vya Ulaya) vinatakiwa kuthibitisha uimara wa mfumo wa moshi kwa kilomita 160,000, na Marekani sheria inataka waranti ya masega iwe miaka 8 au maili 80,000, kwa hiyo ukivuka huko hukuonewa. Kama gari inakula lita ya oili kila kilomita elfu au elfu mbili, masega yamelishwa fosforasi. Injini za 1ZZ za mwanzo na 2AZ za Toyota zinajulikana kwa ringi za oili kuziba, kwa hiyo mwenye Premio, Harrier au Estima ya injini hizo aanzie kwenye dipstiki kabla ya kufika kwenye bomba. Oili yenyewe pia angalia, zile nyepesi kama 0W-20, 5W-30 na 10W-30 za daraja SN au SP (herufi za ubora zilizoandikwa kwenye kopo la oili) zimewekewa kikomo cha fosforasi asilimia 0.08 kwa ajili ya masega, ila 20W-50 kikomo hicho hakiihusu, na ndio wengi wanamimina wakisema injini ya zamani inataka nzito.

Lambda imepita 1.03 na O2 ipo juu

Bomba linavuja, karibu kila mara. Gasketi ya manifoldi, ufa kwenye bomba laini la kunyumbuka, sehemu iliyochomewa vibaya. Hewa ya nje inaingia, mashine inasoma oksijeni nyingi, na CO inaonekana ndogo kuliko ilivyo kwa sababu imechanganyiwa. Kama mvujo uko mbele ya sensa ya kwanza, sensa inadanganyika inaona injini ina petroli kidogo, kontrol boksi inaongeza, na unarudi kwenye ile shida ya CO hapo juu. Ziba nyuma kwa kitambaa kizito gari ikiwa silensa, sekunde chache tu, sikiliza panapopumua. Jihadhari bomba ni la moto.

P0420 inawaka lakini moshi umepita

Watu wengi hapa wanachanganyikiwa wanasema mashine moja inadanganya. Zote zinasema kweli. Mashine ya moshi imepima gesi gari ikiwa imetulia, na hapo hata masega nusu chali yanajitahidi. Kontrol boksi inapima uwezo wa kuhifadhi oksijeni, ambao unaisha kwanza. Ichukulie kama onyo la mapema, una muda wa kutafuta chanzo. Ila kwa anayeishi California, gari ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea inakaguliwa kwa kusoma kompyuta ya gari, taa ikiwaka umefeli, haijalishi moshi.

Kuhakikisha, chomeka mashine ya kusomea kodi uangalie sensa ya nyuma (ile iliyo baada ya masega) injini ikiwa ya moto kwenye raundi 2,500. Masega mazima sensa ya nyuma inatulia kwenye volti 0.6 au 0.7, haitikisiki sana. Ikiwa inaruka 0.1 hadi 0.9 haraka haraka kama inavyofanya sensa ya mbele, hifadhi imeisha. Toyota nyingi za miaka ya 2000 sensa ya mbele ni ya aina nyingine, haionyeshi hizo volti, usizilinganishe, angalia ya nyuma peke yake. Kipimo kingine kizuri zaidi: endesha, achia mafuta gari ikiwa kwenye gia mpaka sensa ya nyuma ishuke karibu na sifuri, halafu kanyaga taratibu. Masega yenye hifadhi yanachelewesha sensa kupanda, yaliyokufa inapanda papo hapo.

Kubadilisha sensa ya nyuma kwa kubahatisha ni kutupa hela kama hujafanya hivyo. Kile kipimo cha kulinganisha joto mbele na nyuma ya masega kwa kibastola cha infraredi pia sikiamini sana, injini ya kisasa inayochoma vizuri inaacha kazi ndogo kwa masega kwa hiyo tofauti inakuwa ndogo hata yakiwa mazima.

Gari nzito, haipandi, au kuna kitu kinagonga chini

Hapo tofali limeyeyuka au limevunjika. Gonga kopo kwa nyundo ya mpira gari ikiwa ya baridi, ukisikia vipande vinacheza ndani basi. Kuziba unakupima kwa presha: fungua sensa ya mbele, funga geji pale, silensa isizidi psi 1.25 hivi, na kwenye raundi 2,500 isizidi 3. Ikizidi kwa mbali moshi hautoki. Usiendelee kuendesha hivyo, na kwa injini ambazo masega yake yako karibu kabisa na manifoldi vumbi la tofali linaweza kuvutwa kurudi kwenye silinda na kukwangua.

Kuosha, kutoboa, kubadilisha

Kuosha kwa sabuni au kemikali kunatoa masizi, na kama tatizo lilikuwa masizi ya mchanganyiko mzito utaona nafuu. Chembe zilizoungana na fosforasi iliyoganda haziondoki kwa sabuni.

Kutoboa masega, jamani, tuache. Gari inabaki kupumua CO na haidrokaboni mbichi puani mwa watoto wanaotembea pembeni ya barabara, hakuna kituo cha moshi utakachopita, na kile kikofia wanachoweka kwenye sensa ya nyuma kinazima taa tu, gesi haibadiliki hata kidogo. Na ujue pia kwa nini fundi mwingine ana haraka ya kukutolea: rodiamu mwaka 2021 ilipita dola 25,000 kwa aunsi, na hata bei ikishuka yale masega yako ya kiwandani bado yana soko. Akikuambia yameziba, mwambie akuonyeshe geji. Ukikubali kuyatoa, ondoka nayo.

Ukinunua mapya, ya bei ya chini sana yana madini kidogo na seriamu kidogo, yanapita kipimo cha kwanza halafu P0420 inarudi kabla ya mwaka. Ya mtumba kutoka gari nyingine ni kuhamisha uzee wa mtu mwingine, chukua tu kama unajua gari ilikotoka na kilomita zake, na angalia uso wa mbele: rangi ya kijivu safi ni nzuri, utando mweupe au wa njano kavu ni majivu ya oili, weusi wa mafuta ni mchanganyiko mzito, vitundu vilivyong'aa na kuungana ni moto. Kwa gari za California hakikisha yana namba ya idhini ya CARB, mamlaka ya hewa ya jimbo hilo, bila hiyo utafelishwa kwa kuangaliwa tu.

Fungia kwa gasketi mpya, na ukilazimika kutumia silikoni yoyote kwenye injini iwe ile iliyoandikwa ni salama kwa sensa. Safari ya kwanza usikanyage sana. Ukishafuta kodi, kompyuta inahitaji kuendeshwa siku kadhaa, baridi na moto, mjini na barabara kuu, ndipo imalize kujipima, kwa hiyo usifute taa asubuhi ukaenda ukaguzi mchana. Baada ya kilomita 500 hivi rudi kwenye mashine ya moshi hata kama hujaitwa, chukua karatasi, iweke ndani ya gari pamoja na tarehe na kilomita. Mwakani CO ikiwa imetoka 0.01 ikafika 0.15 utajua kuna kitu kimeanza tena huko mbele wakati masega bado yanaokoleka.